Plau Iliyorudishwa Mpakani

Hajawahi kuendesha gari maishani mwake, lakini mtelemko mzima humwita Dereva. Jina hilo alilipata akiwa kijana, mwaka ambao baba yake alishindwa na magoti na kumkabidhi maksai wawili na plau. Siku ya kwanza alitokea shambani na kofia ya kaki yenye ukingo mgumu, aliyoipata mnadani kwenye fungu la nguo kuukuu, na kila alipofika mwisho wa mstari, kabla ya kuwageuza maksai, alinyoosha mkono upande anaokwenda, kama lori linalokata kona. Hakuwa anatania. Alisema mnyama naye ana haki ya kujua anakopelekwa. Fundi cherehani, mwenye shamba la juu kabisa, akamuuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Na leseni unayo?" Utani ukaishia hapo, jina likabaki.

Sasa ni mzee mwembamba, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo mbele, kama mtu anayeshika vishikio visivyoonekana. Mkewe anasema hata leo, akipitiwa na usingizi mchana, humgombeza maksai wa kushoto, ambaye alikuwa mvivu na amekufa siku nyingi. Ukimuuliza habari za karanga, Dereva hujibu kwanza kwa kiganja. Hukinyoosha na kukishusha polepole, kutoka kule juu penye mchanga hadi chini penye kijito, kisha husema, "Hapa pote palikuwa karanga." Karibu pote sasa ni mahindi na mtama.

Plau yake haikuwa ya kulimia. Baba yake alikuwa ameliondoa bapa la kupindulia udongo, akamfanya mhunzi amfulie ulimi mpana unaopita chini ya ardhi kina cha kiganja. Ulimi huo ulikata mzizi mkuu na kuuinua mche mzima bila kuzivunja karanga zinazoning'inia chini yake. Mizizi ilipokatika ilitoa sauti ambayo fundi cherehani aliitambua mara moja. Alisema ni sauti ya kaki nzito inayochanwa, na kwamba ikimjia asubuhi akiwa bado kitandani humfanya aangalie kama kuna mteja anachana suruali yake.

Nyuma ya plau walifuata wanawake, wakiokota kila mche, wakiukung'uta na kuulaza kichwa chini, mizizi juu, ukauke kwa jua. Baada ya siku chache miche ilikusanywa, watu wakaketi kwenye turubai kuzunguka lundo na kuanza kuchambua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wote waliokuwepo huisimulia kwa namna moja. Vidole viligeuka rangi ya udongo hadi kwenye vifundo. Redio ilitundikwa kwenye mti wa mpaka, haisikilizwi na mtu, lakini ikizimwa kila mtu anauliza nani kaizima. Watoto walikula karanga mbichi wakakatazwa, wakala tena, jioni wakashika matumbo. Mama Pacha, jirani wa pili kutoka juu, alikuwa na mdomo usiopumzika na mikono vilevile, na ndiye aliyepanga nani akae na nani kwenye turubai. Inasemekana ndoa zaidi ya moja zilianzia kwenye mpango wake huo, na moja ilivunjikia hapo hapo.

"Tulikuwa tunachoka," anasema mke wa Dereva. "Lakini ulikuwa uchovu wa watu wengi. Huo si mzito."

Kazi ilikuwa na njia yake. Udongo wa juu ni wa mchanga, hukauka mapema, kwa hiyo karanga za fundi cherehani zilikomaa kwanza. Plau ilianzia kwake, ikashuka kwa Mama Pacha, ikapita kwenye shamba la Dereva mwenyewe, ikamalizia chini, karibu na kijito, kwa dada yake mkubwa. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Na kila mwaka, kati ya shamba na shamba, plau haikuoshwa. Hiyo ilikuwa sheria ya baba. Chuma ukikiosha katikati ya kazi, alisema mzee, umekialika kutu. Udongo ulioganda kwenye ulimi uliachwa palepale, ukausaga ulimi na kuung'arisha, na Dereva alijivunia mng'ao huo kuliko kofia yake. Plau ilioshwa mara moja tu, msimu ukiisha. Ilisuguliwa kwa mchanga, ikapakwa mafuta machafu ya gari na kuwekwa ndani.

Ugonjwa ulianza kwenye kona ya juu ya shamba la fundi cherehani, mwaka wa mvua nzuri na joto kali. Majani yalikuwa yamefunga udongo kabisa, huoni ardhi. Miche michache ikageuka njano, ikalala kama imemwagiwa maji ya moto. Fundi alipofunua majani alikuta kwenye shina, pale linapogusana na udongo, nyuzi nyeupe laini, mithili ya pamba iliyochambuliwa. Pembeni yake, juu ya udongo, zilitapakaa punje ndogo za mviringo, za kahawia, ukubwa wa mbegu ya haradali.

Hapo ndipo likafanyika kosa ambalo wenyewe hulisimulia wakicheka, ingawa si kwa furaha. Mwaka ule fundi alikuwa amenunua mbolea ya punjepunje, kitu ambacho hakuna mtu wa mtelemko ule aliyewahi kukitia kwenye karanga. Alikuwa ameambiwa na watu wote kwamba ni ujinga. Basi alipoziona punje zile za kahawia hakuwa na shaka. Ni mbolea yake, haijayeyuka. Na miche iliyolala, alisema, imelemewa na shibe.

Habari zikashuka mtelemko upesi. "Fundi kaitia mbolea karanga kama chumvi kwenye mchuzi," alisema Mama Pacha. "Mpaka imebaki juu juu inamwangalia."

"Cheka tu," fundi akamjibu. "Wewe shamba lako linaomba hata hiyo inayoniangalia mimi."

"Si unigawie basi?"

"Njoo na beseni."

Akaenda na beseni. Alikwangua udongo wa juu kwenye ile kona, wenye punje nyingi zaidi, akaubeba kichwani na kuumwaga kwenye sehemu ya shamba lake iliyokuwa imechoka. Mwenyewe anakumbuka aliumwaga kwa uangalifu, kwa kiganja, asipoteze hata kidogo. Wiki chache baadaye Dereva akaja na maksai wake, akanyoosha mkono kwenye kona, akang'oa karanga za fundi, akashuka kwa Mama Pacha bila kusimama.

Mwaka uliofuata miche ililala kwa Mama Pacha kwenye madoa mawili. Moja lilikuwa la duara, pale alipomwaga beseni. La pili lilikuwa refu na jembamba, likaanzia kwenye kiingilio na kufuata mistari. Kwa Dereva kulikuwa na doa refu pia, mstari mmoja baada ya mwingine, kama maji yaliyovuja kwenye ndoo ya mtu anayetembea. Ukivuta mche, shina lilikatika mkononi na karanga zikabaki ardhini zimeoza. Watu walitafuta sababu. Walisema ni mchwa, wakasema ni fuko, wakasema ni mbegu iliyozeeka. Mmoja alisema ni kijicho, akaulizwa kijicho cha nani wakati kila mtu kapoteza.

Mwaka wa tatu doa la fundi lilikuwa nusu shamba. Ndipo bibi shamba akaja kutoka ofisi ya kilimo. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa makamo, mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini, na aliwafanya wote wakae kwenye ukingo wa shamba la Mama Pacha. Alichuma shina lililooza, akalishika juu.

"Hizi nyuzi ni ukungu," alisema. "Unaishi kwenye udongo. Unaanzia kwenye shina, unaozesha shina, unashuka kwenye karanga."

"Na hii mbolea?" aliuliza Mama Pacha.

"Ipi?"

"Hizi punje."

Bibi shamba aliziangalia kiganjani mwake, kisha akamwangalia yeye. "Hii si mbolea, mama. Hii ndiyo mbegu ya ugonjwa wenyewe. Inakaa kwenye udongo wa juu miaka, inasubiri karanga. Ukipanda mahindi inalala njaa, na kidogo kidogo inapungua. Ukirudisha karanga mapema, inaamka."

Mama Pacha akashughulika kutazama kidole gumba cha mguu wake. Fundi cherehani akapangusa viganja vyake kwenye suruali.

"Sasa unatembeaje?" aliuliza mke wa Dereva. "Unarushwa na upepo?"

"Huu hautegemei upepo. Hauna miguu wala mabawa. Unabebwa. Maji ya mvua yanaubeba, majani ya ugonjwa mnayoyatupa njiani yanaubeba, udongo kwenye viatu, udongo kwenye jembe." Alisimama, akatazama mtelemko juu na chini. "Wakati wa kuvuna, nani huanza?"

"Fundi," alisema Mama Pacha.

"Halafu?"

"Mimi."

"Halafu?"

Watu walikuwa wameshageuka, taratibu, bila kukusudia, kumtazama Dereva, ambaye alikuwa amevua kofia na kuitazama kwa ndani kama kuna maandishi. Bibi shamba, aliyekuwa mgeni, aliona nyuso zao, akaelewa. Alisema tu kwamba chombo chochote kinachotoka kwenye shamba la ugonjwa kikwanguliwe na kuoshwa palepale kabla ya kuvuka mpaka, na kwamba itafaa wasimamishe karanga kwa miaka kadhaa. Kisha akawaaga. Fundi akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako," na pengine alikuwa anajisema mwenyewe na mbolea yake. Dereva hakuisikia hivyo.

Lilikuwa limebaki shamba moja. Dada yake alikuwa amefiwa na mumewe kabla ya ugonjwa kuanza, na kwa kukosa mikono ya kusaidia alikuwa amepanda mahindi mfululizo. Karanga alibakisha kitalu kimoja kidogo nyuma ya jiko, kwa ajili ya mbegu tu: zile nyekundu ndogo za mama yao, ambazo nusu ya mtelemko ilikuwa ikiazima kwake. Plau haikuwa imekanyaga kwake tangu kifo kile. Maji kutoka juu hayakufika pia, kwa sababu marehemu alikuwa amechimba mfereji mpana unaoyapeleka kijitoni. Mwaka huo wa tatu, dada akarudisha karanga shamba zima. Zilistawi. Hakukuwa na mche ulioinama hata mmoja. Kwa hiyo kila mtu alijua mambo mawili. Lile shamba likiugua, mbegu ya mama imekwisha. Na plau ya Dereva ikikataliwa na dada yake wa tumbo moja, haitakaribishwa na mtu mwingine yeyote, na yeye atakuwa nani bila plau?

Yeye mwenyewe aliamua kwamba swali halipo. Karanga za dada zilipokomaa, asubuhi aliwafunga maksai nira kama kawaida na kushuka.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, pale hasa inapoingilia shambani, na ungo wa maharage mapajani. Alikuwa anachagua mawe. Maksai wakasimama wenyewe.

"Dada, shikamoo. Sogea kidogo ng'ombe wapite."

"Marahaba. Wapite waende wapi?"

"Shambani."

"Shamba la nani?"

"Dada, jua linapanda."

"Liache lipande. Jua halina plau."

Mama Pacha, aliyekuwa amekuja na kikapu kusaidia kung'uta, akarudi nyuma hatua kadhaa, lakini si mbali kiasi cha kutosikia.

"Hii plau ni ya baba," alisema Dereva.

"Na shamba ni la baba. Alipotugawia, wewe alikupa chuma, mimi akanipa udongo huu. Hukunisikia nikilalamika. Sasa chuma chako kimekula huko juu kikashiba. Hapa hakina sahani."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua mashamba ya watu."

"Sijasema wewe. Nimesema plau."

"Plau inajiendesha yenyewe?"

Dada akatupa jiwe pembeni. "Hilo umelijibu mwenyewe, Dereva."

Dada hakuwa amewahi kumwita jina hilo. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake, na hadi siku ile, hata mbele ya wajukuu, alikuwa akimwita mtoto. Dereva anasema hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

"Nitaiosha," alisema.

"Utaosha ulimi. Na boriti je? Na minyororo? Na kwato? Na hivyo viatu vyako vyenye nyufa kama kisigino cha mlinzi? Ukisahau mahali pamoja tu, mtoto wa mama, pamoja tu, mimi nitampa nani mbegu mwakani?"

"Utang'oa kwa mikono shamba zima?"

"Mikono ninayo."

"Mvua inakuja."

"Na macho pia ninayo."

Alibaki amekaa. Mkono wake uliendelea kuchagua maharage, lakini Mama Pacha, aliyekuwa karibu, anasema alikuwa anatupa maharage na kubakiza mawe. Dereva akawavuta maksai kwa kamba. Njia ni nyembamba pale, kugeuza plau si kazi rahisi, na alihangaika. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba alipowageuza hakunyoosha mkono.

Nyumbani hakula. Mkewe alimwachia sahani mezani mpaka ikapoa, akaja kuketi mbele yake.

"Kwani amekutukana?"

"Amenikatalia shamba la baba."

"Amekataa plau."

"Ni kitu kimoja."

"Kwako ndiyo. Kwa wengine wewe una miguu miwili na mikono miwili, na shemeji zako kule kwetu wameshawahi kunicheka kwamba niliolewa na maksai." Akasimama, akachukua kanga yake. "Mimi kesho naenda kumsaidia wifi. Ukitaka kubaki na kitu chenu kimoja, baki nacho."

Asubuhi akashuka kweli. Kutoka kibarazani kwao shamba la chini linaonekana lote, na Dereva alikaa hapo akiwatazama wanawake wawili, kila mmoja na jembe, wakichimba mche mmoja mmoja. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limejikusanya, zito, la rangi ya chuma. Karanga nyekundu zina tabia moja: zikikomaa na mvua ikazinyeshea ardhini, zinachipua hapohapo, na karanga iliyochipua si ya kuliwa wala si ya kuhifadhiwa. Alipima kwa macho. Alikuwa mtu wa kupima kazi kwa macho, na hesabu haikumdanganya. Kwa majembe mawili wasingefika hata nusu.

Mpaka leo hasemi alifikiri nini pale kibarazani. Anachosema ni kwamba alivua viatu akaviacha mlangoni. Alivua na kofia. Alishuka kwa njia ya kuzunguka, inayopita nje ya mashamba yote, akafika kijitoni, akaingia majini na kujisugua kwa mchanga kutoka magotini kwenda chini, akapanda mpaka kwenye mfereji wa shemeji yake, na hapo akasimama.

Dada alimwona. Hakuacha kuchimba.

"Umeosha?"

"Nimeosha."

"Na kucha?"

"Dada."

"Nakuuliza kucha."

Akarudi kijitoni. Mkewe aliinamia jembe lake ili asionekane anacheka. Aliporudi, dada alitembea mpaka ukingoni, akamtazama miguu kama mtu anayekagua samaki sokoni, akampa jembe. Lilikuwa la marehemu mumewe, lisilowahi kutoka kwenye shamba lile.

"Haya, mtoto," alisema. "Anzia hapo."

Ikabainika kwamba hajui. Maisha yake yote alikuwa amezing'oa karanga kwa kuzipitia na plau, hajawahi kuinamia mche mmoja. Alichimba karibu mno, akakata karanga. Akachimba mbali mno, akainua bonge la udongo na kushindwa kulibeba. Mkewe akamwonyesha. Dada akamwonyesha tena kwa kumpigia kelele. "Usiuchokoe kama nyoka! Ingiza, inua, vuta. Ingiza, inua... Mungu wangu, na huyu ndiye aliyevunia watu!" Mchana Mama Pacha alitokea kijitoni akiwa amekunja kanga magotini, anasugua visigino bila kuambiwa. Fundi cherehani akaja na binti zake, amevua soksi, akasema asiyenawa kijitoni leo hana pa kupita. Walichimba siku ile na zilizofuata. Walizungumza, wakatukanana kwa mapenzi, mtu akaleta redio na kuitundika. Kwa siku chache za msimu mmoja, juu ya shamba moja tu, ilikuwa kama zamani.

Mvua ilikuja kabla hawajamaliza. Ukanda wa chini, ulio karibu na kijito, haukufikiwa, na karanga zake zilichipua ardhini zikawa kijani, zikageuzwa na jembe. Zilizobaki zilijaza magunia na debe la mbegu, na debe hilo lilitosha kwa dada na kwa yeyote mwenye shamba ambalo plau haijapita. Wakati ule watu wa namna hiyo walikuwa ng'ambo ya kijito tu, na ndiko mbegu ilikokwenda.

Dereva alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba msimu ule ulipoisha. Alimwambia kila mtu kwamba hatang'oa karanga tena na kwamba maksai wake wataburuta mkokoteni. Hakuomba radhi na hakuna aliyemdai. Mama Pacha alimkatiza katikati na kumwambia kama ni kupanga foleni ya wakosaji, yeye na beseni lake wako mbele. Mtelemko ukawa mahindi. Baada ya miaka kadhaa fundi alijaribu karanga tena kwenye kona ya chini, zikatoka vizuri, akapanda kona ya juu zikalala, akaacha. Watu walizoea mahindi. Mahindi humenywa nyumbani, kila mmoja na watu wake, na mlango ukiwa umerudishwa. Hakuna anayeyalaumu kwa hilo, lakini mke wa Dereva husema hajui siku hizi majirani zake wanachekea nini.

Dada alifariki akiwa mzee sana, akimwita ndugu yake mtoto hadi juma la mwisho. Shamba analilima mwanawe, na mke wa mwanawe huyo, ambaye hakuwahi kuiona plau ikifanya kazi, hupanda karanga nyekundu mwaka mmoja na mahindi miaka miwili, kama alivyoachiwa. Mavuno yakifika humpelekea mjomba habari, na mjomba huja kwa njia ya kuzunguka, hupitia kijitoni, huosha miguu. Hafanyi mengi tena. Mgongo hauruhusu. Lakini husogea kwenye mistari mbele ya wachimbaji, anainama kwenye kila mche, anayatenganisha majani kwa vidole viwili na kutazama shina pale linapogusana na udongo, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mjomba, umedondosha nini?" mke wa mpwa wake alimuuliza mwaka wa kwanza wa ndoa yake.

"Sijadondosha kitu."

"Sasa unatafuta nini?"

"Natafuta nisichotaka kukiona," alisema. Akauinua mche, safi, mweupe kwenye mizizi, umejaa karanga. Akaupiga mara mbili kwenye kiganja cha mkono wa kushoto mpaka udongo wote ukadondoka palepale ulipotoka, ndipo akampa.